Tundu la Tatu

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, sijui nyie huko, wewe na Mkazamjomba na magoti ya Mama. Mwambie Mama nimepata chumba chenye dirisha, aache kuwatangazia majirani kwamba nalala koridoni. Dirisha lenyewe linatazama ukuta, lakini ni dirisha. Simu yangu iliporomoka kutoka ngazi ya paani wiki ya kwanza na bado sijapata nyingine. Wewe nawe hujawahi kuelewana na simu tangu kompresa za majokofu zilipokumaliza masikio, kwa hiyo tuandikiane tu.

Kazi nimeanza. Jengo lina ghorofa kumi na mbili. Mashine za kupoza ziko juu ya paa, maboila ya kupasha joto yako chini kabisa, na mimi nashinda kwenye ngazi katikati yake. Nipo kwenye majaribio mpaka mwisho wa Mei. Hapo Msimamizi ataamua kama nabaki au narudi kukushikia tochi.

Msimamizi ni mtu wa maneno machache na kalamu tatu mfukoni. Siku ya kukagua vifaa alimshika Bata wako kwa vidole viwili, akauliza kama hii ni klampumita, mita ya kupimia umeme, au nimeiokota. Nikamjibu ni ya mjomba wangu, fundi wa miaka thelathini na moja. Wenzangu waliuliza kwa nini naiita Bata. Nikawaonyesha mdomo wake unavyofunguka na kuubana waya, wakacheka, wakaelewa. Bado nakumbuka ulivyonivika shingoni mbele ya ukoo mzima, Mama akalia, na wewe ukajifanya umeingiwa na vumbi jichoni.

Sasa Msimamizi anasema mwezi wa tatu ukiisha kila fundi awe na mita yake mwenyewe inayofaa kazi ya joto na baridi, na amweleze kwa nini kaichagua hiyo na si nyingine. Mimi sioni sababu. Lile tundu la tatu la Bata, la njano, ambalo wewe hukuwahi kulitumia, hapa ni kazi yake kila asubuhi. Dada wa Boila, fundi mkubwa wa upande wa moto, ndiye anayenifundisha. Tunachomeka waya mwekundu kwenye tundu la tatu, tunapima ule umeme mdogo sana unaopita kwenye mwali. Boila ikiukosa inadhani moto umezimika, inajifunga. Kisha tunaurudisha waya kwenye tundu jekundu ndipo tupime volti za kawaida. Juzi nilisahau kuurudisha, nikawa naelekea kwenye umeme mkubwa hivyo hivyo, Dada wa Boila akanipiga kofi la mkononi kabla sijagusa. Akasema, "Fyuzi ingekuokoa, lakini usiizoee."

Kwa hiyo niambie, ninunue nyingine ya nini?

Mpwa wako mtukutu.


19 Februari
(Barua hii haikutiwa kwenye bahasha.)

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimetoka nayo nje, mkazamjomba wako asinione uso.

Niseme kabla sijaanza kuzunguka. Ndani ya Bata hamna fyuzi. Kuna waya.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye chumba cha baridi cha bucha, mashine imekufa, nyama inaanza kunuka, mwenye bucha amesimama mgongoni kwangu anahema. Nikachomeka waya tundu la tatu kwa haraka zangu, nikagusa umeme mkubwa. Fyuzi ikakatika, ikafanya kazi yake, mimi nikabaki mzima. Ilikuwa Ijumaa. Duka la vifaa halikuwa na fyuzi ya namna ile. Nikachuna unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa feni, nikauweka mahali pa fyuzi, nikasema Jumatatu nitaiweka ya kweli. Mwanangu, Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo. Kazi yangu ni baridi tupu, tundu la tatu silitumii, nikasahau.

Siku ile nakuvika Bata shingoni ndipo nilipokumbuka. Hapo hapo, mkono wangu uko nyuma ya shingo yako, watu wanapiga makofi. Ningesema nini? Ngojeni kwanza nimfungue? Nikajiambia huyu naye anakwenda kwenye viyoyozi, hatalitumia. Sasa unaniambia unalitumia kila asubuhi, na juzi ulikaribia kusahau.

Ukisahau tena, hakuna fyuzi ya kukatika. Mita itapasuka mkononi mwako, na mkono wako utakuwa karibu na uso.

Kila Jumamosi mafundi saba niliowafundisha wananiletea mita zao niwakagulie. Saba. Wananiamini kuliko mita zenyewe. Sasa mimi nikisema kwamba


21 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba sana. Sisi wazima. Magoti ya mama yako yanalalamika kila akiombwa kitu, akitaka kwenda kwa majirani yanapona. Mkazamjomba wako anakusalimu, ameshona mapazia mapya, anasema atakutumia moja ufunikie hilo dirisha la ukuta.

Kuhusu mita, sikiliza bosi wako, nunua. Usingoje mwezi wa tatu, nunua wiki hii. Bata kazeeka, mpumzishe. Mtie kwenye sanduku na usimtoe.

Na ukinunua usidanganywe na rangi. Kwanza ishike na glavu mkononi, maana kuna mita nzuri ambazo vitufe vyake vimetengenezwa kwa vidole vya mtoto. Ufungue mdomo wake uone kama unaingia kwenye boksi lililosongamana nyaya. Mdomo mkubwa ni wa kujionyesha. Hakikisha inasoma sawasawa kwenye kompresa za kisasa zinazobadili mwendo. Umeme wa mashine zile una mawimbi yaliyochafuka, na mita ya zamani inasoma pungufu, inakwambia mota inapumua vizuri kumbe inaungua. Iwe na uwezo wa kukamata kile kishindo cha sekunde ya kwanza kompresa inapoamka. Ipime kapasita, kile kikopo kinachoamsha mota, maana nusu ya feni utakazoitiwa zimekufa kwa kapasita tu. Iwe na waya wa kupima joto la bomba, ikiwezekana miwili, hewa inayoingia na inayotoka. Na kwa kazi yako ya moto iwe na kipimo cha umeme mdogo wa mwali. Angalia maandishi pembeni ya matundu: isiwe chini ya daraja la tatu la usalama, volti mia sita.

Na fyuzi yake, kama inayo, iwe ile nene ya kauri yenye mchanga ndani. Usikubali ya kioo. Ifungue dukani, muuzaji akinuna anune. Kila mita unayoishika mkononi, ifungue kwanza.

Nijibu upesi kwamba umenunua. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mjomba wako.


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Usinune, barua yako ilikaa siku tisa kwa mlinzi wa geti chini ya kitabu cha wageni. Mimi mzima. Pazia limefika, limekuwa refu, sasa ukuta wangu una gauni.

Nimenunua. Nilikwenda na barua yako mfukoni, nikawa naisoma mbele ya muuzaji kama orodha ya sokoni. Alikuwa na tatu. Ya kwanza ilikuwa na mwanga mzuri na kila kitu, ila upande wa umeme mdogo haukuwepo, ni mita ya watu wa baridi tu kama wewe. Ya pili ilikuwa nayo yote, lakini ilikuwa daraja la pili, na mdomo wake mkubwa kuliko wa yule shangazi tunayemjua. Ya tatu ni nzito, ya kijivu, haina uzuri wowote. Nikaibana kwenye waya wa feni ya dukani, nikachomeka nyaya za kupimia, nikaomba bisibisi. Muuzaji akauliza, "Dada, unanunua au unafanya upasuaji?" Nikaifungua. Kauri, mchanga ndani, imeandikwa vizuri. Bei ilinifanya nimeze mate, lakini nimeichukua. Bado haijapata jina. Ina sura ya Msimamizi, lakini siwezi kuiita hivyo kwa sauti.

Na Bata usimhuzunikie, hatalala sandukuni. Mita ya Dada wa Boila imekufa kioo, haionyeshi namba, na yeye ana watoto wawili shuleni, hawezi kununua nyingine sasa hivi. Nimempa Bata. Mpaka machozi yalimlenga. Nikamwambia huyu katoka kwa mjomba wangu, ni wa kuaminika, nakuhakikishia. Anamtumia kila siku kwenye maboila, asubuhi na jioni.

Umefurahi? Nilijua utafurahi.

Mpwa wako.


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua nimeipata leo saa nne, na naandika saa nne na nusu, mkazamjomba wako ananiuliza chai nimeiacha ya nini.

Mchukue Bata kutoka kwa huyo dada. Leo hii. Mwambie lolote. Mwambie mjomba wako ni mzee mwenye vituko, amemkumbuka Bata wake, hali wala halali, anataka arudishiwe. Ni kweli, nimemkumbuka. Miaka thelathini na moja si mchezo, mtu huzoea kitu. Najua kudai zawadi ni aibu, aibu hiyo niachie mimi. Mpe ya kwako mpya atumie kwa muda kama itabidi. Ila Bata asimtumie, hasa lile tundu la tatu. Tundu lile limelegea. Limelegea tu.

Ningempa mkazamjomba wako simu apige huko ofisini kwenu, lakini kuna maneno sitaki yapite mdomoni mwake kabla hayajapita mdomoni mwangu.

Nimempa kijana wa posta hii barua mkononi, nikamtazama mpaka akaitia kwenye gunia. Roho yangu iko juu. Nijibu.

Mjomba.


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Bata yuko kwangu, kwenye sanduku. Barua yako ya kumdai ilifika siku sita baada ya mambo kuharibika.

Tarehe 2 betri yake iliisha. Dada wa Boila akamfungua ili abadilishe. Alimpeleka Bata kwa Msimamizi akiwa wazi hivyo hivyo, waya ukionekana mahali pa fyuzi, akamweka juu ya meza ya chai, wafanyakazi wote kumi na mmoja tupo. Hakuna aliyeumia. Niliwaza niandike hilo kwanza kabla ya mengine, lakini mengine nimeshayaandika.

Msimamizi aliniuliza nimempata wapi. Siku ya kwanza nilisema kwa mjomba wangu, wote walinisikia. Nikasema nilidanganya, nilimnunua barabarani kwa mtu nisiyemjua, niliona aibu kusema. Akachukua na ile mita yangu mpya, akaifungia kabatini kwake, akasema mtu anayewapa wenzake kitu kama kile hana haki ya kushika mita yoyote. Nipo stoo sasa. Nahesabu vichujio vya hewa na mikanda ya feni. Kuna baridi kidogo, lakini kuna kiti. Mwisho wa Mei ataamua.

Dada wa Boila hanisalimii.

Mwambie Mama kazi inaendelea vizuri. Usinitumie pazia jingine.


27 Aprili

Mwanangu,

Leo sitakuuliza hali. Najua hali yako, na najua nani kaifanya hivyo.

Ule waya niliuweka mimi. Mwaka juzi, kwenye chumba cha baridi cha bucha, siku ya Ijumaa, kwa sababu duka halikuwa na fyuzi na mimi sikuwa na subira. Siku nakuvika shingoni nilijua. Ulipoandika kwamba unatumia tundu la tatu nilijua, nikakwambia ununue mpya, nikakuelekeza mdomo na kapasita na joto la bomba na kila kitu kilichomo duniani isipokuwa hicho kimoja. Nikafikiri nimekuokoa wewe na heshima yangu kwa mkupuo mmoja. Sikumfikiria mtu wa pili. Sikujua una moyo wa kumpa mtu, ingawa mimi ndiye niliyekulea, nilipaswa kujua.

Ukasema ulimnunua barabarani. Mimi ndiye huyo mtu wa barabarani usiyemjua. Nimeusoma mstari huo nikakaa chini palepale kwenye kizingiti.

Nimemwambia mkazamjomba wako. Nilidhani atanifokea. Alisema tu, "Na huyo dada, watoto wake wangapi?" Nikasema wawili. Akaondoka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Mama yako nimemwambia pia. Yeye alifoka. Magoti yake hayakumzuia.

Jumamosi mafundi wangu walikuja kama kawaida. Sikuwakagulia kitu. Nikawaambia wakae, nikawaambia kuhusu Bata, nikaomba kila mmoja afungue mita yake mwenyewe mezani. Kimya kilichokuwepo nilikisikia hata mimi nisiyesikia. Mita saba. Nne zina waya. Mmoja wao, yule mrefu tunayemwita Antena, akaniambia, "Fundi, si ulituonyesha wewe mwenyewe, mwaka juzi, ukasema ni ya dharura?" Nilikuwa nimesahau hata kwamba nilionyesha. Nyaya tumezing'oa zote. Nimezuia mita hizo nne zisitoke mpaka fyuzi zifike, wamenuna, wawili wamesema hawarudi.

Nimemwandikia Msimamizi wako barua yake mwenyewe, nimeituma kwa jina la ofisi. Nakunakilia hapa usije ukashtukizwa:

"Bwana Msimamizi, mimi ni mjomba wa binti aliyeko stoo yako. Waya uliomo kwenye mita ile niliuweka mimi kwa mkono wangu, nikampa mita hiyo bila kumwambia, mbele ya ukoo. Yeye hakujua. Alipokwambia aliinunua barabarani alikuwa ananificha mimi. Kosa la waya ni langu, na uongo ule nao naomba uniandikie mimi. Kama kuna fomu ya kutia sahihi, nitumie, nitatia. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, na sikutegemea kumwandikia mtu maneno haya."

Usipobaki kazini, rudi nyumbani, na usinishikie tochi. Nitakushikia mimi.

Mjomba wako.


22 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Kila nikishika kalamu nakasirika upya, nikaona ningoje. Bado nimekasirika, lakini sasa naandika.

Ulijua tangu Februari. Siku za kuanzia Februari mpaka tarehe 2 Aprili nilizihesabu nikiwa stoo, nilikuwa na muda huko. Mimi nilitumia tundu lile siku kama ishirini na tano, na Dada wa Boila wiki mbili, asubuhi na jioni. Kila siku katika hizo ungeweza kuniandikia mstari mmoja. Ulinifundisha kushika bisibisi kabla sijajua kusoma vizuri, Mjomba. Ningekusitiri. Ningemfungua, ningeung'oa, nisingemwambia mtu.

Basi, nimesema.

Msimamizi aliipata barua yako Jumatano. Alikuja nayo stoo, akaisoma amesimama karibu na rafu ya mikanda, mimi nikiwa nimekaa naogopa kunyanyuka. Akauliza, "Huyu mjomba wako anasikia simu?" Nikasema hapana. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa kalamu. Akaniambia nimfuate. Ofisini akafungua kabati, akaitoa ile mita ya kijivu, akaiweka mbele yangu, akasema, "Haya. Nieleze kwa nini hii."

Nikamweleza. Mdomo unaoingia kwenye boksi la mashine ya paani ambapo nyaya zimebanana, kipimo kisichodanganyika na mota za kubadili mwendo, kishindo cha kuamka, kapasita, nyaya mbili za joto, umeme mdogo wa mwali, daraja la tatu. Nilipofika mwisho nikaomba bisibisi. Akanipa. Nikaigeuza mita, nikaifungua, nikaitoa fyuzi, nikaiweka kwenye kiganja chake. Nikamwambia hii niliiona dukani kabla sijalipa, lakini imekaa kabatini kwako zaidi ya mwezi, ndiyo maana nafungua tena.

Akaitazama fyuzi, akanitazama mimi. Sikuwahi kumwona akicheka, na hakucheka. Akasema, "Kesho shuka kwa maboila. Ule uongo sijausahau, nitausahau pole pole." Kisha akatoa mita yake mwenyewe kwenye droo, akaanza kutafuta skrubu za mgongoni. Nikatoka nikamwacha.

Dada wa Boila alinikuta mlangoni asubuhi. Nilimpa barua yako asome, usinikasirikie. Akaimaliza, akasema, "Mjomba wako amenitaja mara ngapi humu?" Hatukuhesabu. Akanipa glavu. Hajaanza kunitania kama zamani, lakini salamu ameitikia.

Bata namtuma kwako kwenye kifurushi. Nimemwekea fyuzi ya kweli, na nyingine mbili za akiba ili pasiwe na Ijumaa tena. Waya wako nimeufunga kwenye karatasi, uko humo humo.

Mpwa wako.


6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako ameanza kuongea na mimi, kwa kupitia mkazamjomba wako, tukiwa chumba kimoja.

Kifurushi kimefika. Nimemfungua Bata kabla ya kumshukuru aliyemtuma, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, kwa hiyo usinune. Fyuzi nimeiona. Waya nimeupigilia msumari ukutani kwenye karakana, mahali ambapo kila anayekuja Jumamosi ataukuta na ataniuliza. Wale wawili waliosema hawarudi, mmoja amerudi.

Hasira zako nimezipokea, ni zangu kwa haki. Sitakuomba uharakishe kunisamehe.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ina tarehe ya 19 Februari. Sikuitunza kwa nia yoyote, ilikuwa chini ya godoro, nilikuwa naogopa kuichoma na naogopa kuituma. Haina mwisho. Ndiyo barua niliyopaswa kukupa, na hata kama imechelewa nataka uwe nayo wewe, si mimi.

Mjomba wako.


20 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na nyie naamini wazima. Mwambie Mama magoti yake nimeyaota.

Nimethibitishwa kazini. Msimamizi alinipa karatasi bila neno, na siku ileile akabandika tangazo kwamba kila mita ifunguliwe na mwenzako kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi. Dada wa Boila anaifungua yangu, mimi naifungua yake mpya, hatimaye amepata. Anasema kama nikipata mchumba naye atamfungua kwanza aone ndani kuna nini.

Karatasi ya Februari nimeisoma. Niliisoma mara moja tu, chini kule, mgongo kwenye bomba la moto, Dada wa Boila akijifanya hanitazami. Sina la kuongeza kwenye niliyokwisha sema. Ila nimeigeuza nikaona kitu. Imekunjwa mara tatu, sawasawa, ukubwa wa bahasha, na mikunjo yenyewe ni ya zamani, imeshaanza kuchakaa. Kwa hiyo uliikunja, Mjomba. Siku ile ile uliikunja ili uitume.

Hilo nimelishika. Mengine yaliyobaki tutaongea nikija likizo mwezi wa nane, ana kwa ana, na itabidi nipaze sauti. Nitakuja na mita yangu. Utaifungua wewe.

Mpwa wako.